Kazi Hii Itetewe Mara Mbili

(Maneno niliyoyasema chuo kikuu cha Lubumbashi, kwetu Kongo, siku ya kufunguliwa kwa programu mpya za masta ya kazi, yaani shahada ya uzamili ya kumwandaa mtu kwa kazi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, nimeacha salamu ndefu za mwanzo tu.)

Jambo yenu wote. Bwana Mkuu wa Kitivo, maprofesa mlionifundisha, wanafunzi, wazazi, na nyinyi mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja na vumbi lingali kwenye buti: asanteni kwa kufika.

Nimepewa dakika ishirini nieleze umuhimu wa programu hizi. Umuhimu wake mnaujua, la sivyo msingejaza ukumbi huu Jumamosi asubuhi, siku ya ndoa na ya misiba. Basi nitazitumia dakika zangu kuomba jambo moja, na nitaanza na habari ya usiku mmoja wa mwezi wa saba.

Nilikuwa nimeajiriwa miezi miwili tu katika kiwanda kimoja cha shaba. Nilikuwa na diploma yangu ya miaka mitano ya metalurjia, yenye alama nzuri, ambayo mama yangu aliitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni kule Katuba. Nikawekwa ekipi ya usiku, yaani kikosi cha zamu ya usiku. Kwa wasioijua kazi hii: jiwe lenye shaba linasagwa na kulowekwa katika tindikali, shaba inayeyuka, maji yanageuka rangi ya buluu na kijani. Maji hayo yanakorogwa pamoja na mafuta maalumu, na mafuta hayo yananyakua shaba na kuuacha uchafu. Kisha mchanganyiko unaachwa utulie kwenye tangi kubwa. Mafuta yanapanda juu, maji yanabaki chini, na kila kimoja kinashika njia yake. Shaba ikishatolewa tena kwenye mafuta, inapelekwa kwenye umeme, inajishika taratibu juu ya bamba la chuma kwa siku sita au saba, mpaka inakuwa ile karatasi nzito mnayoiona juu ya malori yakielekea mpakani Kasumbalesa.

Wiki ile karatasi zetu zilikuwa zinatoka mbovu. Sehemu ya juu ilikuwa ya kahawia, nyeusi-nyeusi, laini kiasi cha kumomonyoka ukiikwaruza kwa kucha. Kitabu kilishanifundisha maana yake: mafuta yanaponyoka na kuingia kwenye umeme. Kwa nini yanaponyoka, sikujua. Nilikaa na hesabu siku tatu. Kiasi cha mafuta kwa maji, sawa. Tindikali, sawa. Mwendo wa pampu, sawa. Nikaandika ripoti ya kurasa kumi na moja, kwa Kifaransa kilichonyooka, nikisema mafuta yameharibika na yabadilishwe yote. Wanaojua bei ya mafuta hayo wanaelewa nilikuwa naomba nini.

Usiku wa nne papa mmoja, mzee wa ekipi, akaja mlangoni. Alikuwa na miaka sitini hivi, shule yake iliishia darasa la sita. Akaniambia, "Mama Injenyeri, samahani, njoo uone kitu." Juu ya meza karibu na tangi alikuwa na chupa ya kioo. Akateka mchanganyiko, akafunga kizibo, akautikisa kwa nguvu, akaiweka chupa mezani na kutazama saa yake ya mkononi. Tukainama wote wawili tukiangalia mstari kati ya mafuta na maji ukijitengeneza polepole, kama maziwa yanayokataa kuganda. Akasema, "Mwezi wa nne ulikuwa unakamilika kabla ya dakika moja na nusu. Leo tumeshapita tatu." Kisha akatoa mfukoni kaye ndogo, daftari lake, iliyofungwa ndani ya plastiki. Kila mstari ulikuwa na tarehe, saa, dakika, na neno moja pembeni: baridi, joto, mvua. Aliijaza kila zamu kwa miaka miwili, bila mtu yeyote kumtuma.

Ilikuwa baridi. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na mwezi wa saba usiku wake mnaujua. Tangi zilikuwa nje. Mafuta yakipoa yanakuwa mazito, na mazito yanachelewa kuachana na maji. Hesabu zangu zote zilikuwa za joto la digrii 25, kwa sababu kitabu kilisema hivyo, na mimi sikuwahi kujiuliza kitabu hicho kiliandikiwa wapi. Tukapunguza mwendo wa pampu saa za usiku, tukaiwasha tena mashine ya kupasha maji moto iliyokuwa imezimwa ili kubana matumizi. Karatasi zilizofuata zikatoka safi.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kilichonileta hapa. Barua ya pongezi ilikuja na jina langu peke yangu. Nikaomba jina la papa liongezwe. Nikajibiwa kwamba kwenye fomu kuna nafasi ya mhandisi tu. Nilipokwenda kumwomba radhi, yeye hakuniuliza habari ya barua. Aliniuliza, "Mwanangu, kwenye ile ripoti yako ndefu uliandika nini kuhusu tangi langu?" Ripoti ilikuwa ya Kifaransa. Siku tatu nilikuwa nimeandika juu ya tangi alilolilinda miaka miwili, na yeye hakuwa na njia ya kujua nimesema nini, wala ya kunisahihisha. Angeisoma siku ya kwanza, tungeokoa siku tatu za shaba.

Ombi langu kwa kitivo limetoka hapo. Kila mwanafunzi wa masta ya kazi aitetee kazi yake, yaani tasnifu yake, mara mbili. Mara moja hapa, mbele ya maprofesa, kwa Kifaransa, kama desturi. Na mara moja kule alikoifanyia: kiwandani, machimboni, hospitalini, kwenye ofisi ya kata, mbele ya watu wanaoijua kazi hiyo kwa mikono yao, kwa Kiswahili. Na alama za utetezi wa pili zihesabiwe. Zisiwe za heshima tu.

Wengi mnajua tulikotoka. Tulikuwa na graduati ya miaka mitatu na lisansi ya miaka miwili, halafu njia nyembamba sana ya kuelekea udaktari. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi nzima imeingia katika mfumo wa LMD: lisansi miaka mitatu, masta miwili, kisha udaktari. Masomo sasa yanahesabiwa kwa kredi, 180 za lisansi na 120 za masta. Masta nayo ina milango miwili, wa utafiti na wa kazi. Mlango wa kazi ndio tunaoufungua leo. Ninaufurahia kwa moyo wote. Lakini nina hofu, na ni vizuri niiseme mbele yenu kuliko kuinong'ona nje: tunaweza kubadilisha kibao cha mlangoni na ndani tukaacha kila kitu kama kilivyokuwa. Profesa yuleyule, daftari lilelile la kunakili, staji, yaani mafunzo kazini, ya mwezi mmoja ya kupiga fotokopi, na mwishoni karatasi yenye neno "kazi".

Utengano huu wa kitabu na mkono una historia katika mji wetu. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji iliyoundwa 1906, ilijenga kambi, ikajenga shule za kambi, ikafundisha watoto wa wafanyakazi kuwa mafundi wazuri. Mafundi, lakini siyo wahandisi. Chuo kikuu kilifika hapa mwaka 1956, wakati huo mji ukiitwa Elisabethville, na uhuru ulipokuja 1960 Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu katika nchi nzima hawakuzidi thelathini hivi. Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya amri kazini: inua, sukuma, shika hapa. Kifaransa kilikuwa lugha ya kufikiri. Wakoloni wameondoka, na mgawanyo huo tumebaki nao tukiutunza wenyewe. Mpaka leo karatasi ya tahadhari ukutani ni ya Kifaransa, au hata ya Kichina, na anayebeba tindikali ni mtu anayeota ndoto zake kwa Kiswahili.

Nitawapa mfano ambao hauhusu mitambo. Miongoni mwa programu mpya iko ya afya kazini na mazingira, na kwangu hiyo ndiyo ya kwanza kwa uzito, niwie radhi wahandisi wenzangu. Watafiti wa hapa Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven kule Ubelgiji, wamefanya kazi ambayo dunia nzima inaisoma. Mwaka 2009 walitangaza vipimo vya mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, jimbo letu la zamani, wakakuta kobalti na metali nyingine kwa kiwango kikubwa mno. Mwaka 2018 wakaja na habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, na watoto ndio waliokutwa nayo mwilini kwa wingi kuliko wakubwa. Mwaka 2020 wakatangaza utafiti uliofanyika katika mji wetu huu, juu ya watoto wanaozaliwa na kasoro, wakaonyesha kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi pale baba alipokuwa akifanya kazi ya madini.

Hiyo ni sayansi ya kujivunia. Lakini mama anayefua kombinezoni ya mume wake katika beseni lilelile analooshea nguo za mtoto, nani amemwambia? Nimekwenda Ruashi, hapa hapa mjini, nimekaa na akina mama uani, tukichambua sombe, majani ya mihogo, nikawauliza. Mmoja alishasikia kwamba vumbi si zuri, basi. Hakuna aliyemwambia kwamba nguo za kazi zibaki kazini, kwamba baba aoge kabla ya kumbeba mtoto, kwamba vumbi la ndani ya nyumba lipanguswe kwa kitambaa kibichi na siyo kufagiliwa likapaa. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu aliyesoma, anayeweza kukaa kwenye kigoda uani akayasema kwa maneno ya uani, akaulizwa maswali na kuyajibu. Mwanafunzi wa afya kazini akiutetea utafiti wake mbele ya akina mama wale, nao wakatoka wanajua cha kufanya Jumatatu, huyo mpeni masta yake. Akishindwa, arudi akajifunze tena, hata kama jedwali zake ni nzuri.

Kuhusu programu ya sheria na fedha za madini nitasema machache, kwa kuwa wenye fani wapo hapa. Sheria ya madini ya 2018 inaitaka kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi jirani na mgodi. Fedha hizo zinasimamiwa na chombo ambamo wenyeji wana viti. Viti wanavyo. Lakini mzee wa kijiji anayeletewa jedwali la mapato na kuambiwa atie sahihi, ni nani anakaa pembeni yake? Sheria ya 2017 nayo imewawekea Wakongo kazi za ukandarasi mdogo, na vijana wengi wamefungua kampuni, halafu wanakwama kwenye vitabu vya hesabu vya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2012. Na mwaka jana tu wa 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje, kisha ikaweka kiasi cha kila kampuni kuuza nje. Siku ile simu yangu haikunyamaza: ndugu, majirani, watu wa malori, wote wakiuliza maana yake kwao ni nini. Nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inapaswa kuwa na watu wa kuwajibu.

Najua pingamizi, nimeshazisikia kwenye korido hata kabla sijapanda hapa.

La kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kitaalamu. Kaye ya papa ilikuwa na maneno yote yaliyohitajika. Tangi, mafuta, baridi, kuachana. "Mafuta yamechelewa kuachana na maji" ni sentensi ya kisayansi kamili, ina kitu kinachopimwa na ina saa ya kukipimia. Palipokosekana neno, wafanyakazi wamekopa la Kifaransa wakalipa sauti ya kwetu, na maisha yanaendelea. Siombi Kiswahili cha vitabu vya Dar es Salaam, ingawa nakipenda. Naombea kile ambacho msikilizaji atakuelewa nacho.

La pili linaniuma zaidi, kwa sababu limetoka kwa mtu ninayemheshimu: kwamba tutashusha kiwango. Baba Profesa, wewe ulinifundisha kusimama mbele ya ubao bila kutetemeka, kwa hiyo nakujibu kwa heshima yote. Mbele yako niliweza kujificha nyuma ya neno gumu. Mbele ya papa yule sikuweza, kwa sababu yeye tangi alilijua. Aliniuliza maswali matatu tu, na la tatu sikuwa na jibu lake. Hakuna jopo lililowahi kunibana hivyo.

La tatu ni la kampuni: siri zao. Hilo ni la kweli na lina dawa. Kabla mwanafunzi hajaingia, mkataba uandikwe wa kurasa mbili: swali gani anakuja kulijibu, nani atamwongoza ndani, namba zipi zitabaki ndani, na siku gani atasimama mbele ya ekipi kueleza alichokiona. Bila mkataba huo asiende. Staji isiyo na swali humfanya kijana mgeni wa kudumu kwenye benchi la ofisi, akisubiri mtu amtume soda.

Naongeza mambo mawili ya haraka. Masomo yawepo jioni na Jumamosi, kwa kuwa mtu wa zamu hawezi kuacha mshahara ili akasome jinsi ya kufanya kazi anayoifanya tayari. Na ada. Tunajua jinsi neno "masta" linavyoweza kugeuka duka. Nawaomba mchukue wachache, ishirini kwa programu, mpaka tuwe na vifaa vya kuwatosha. Nimepita maabara asubuhi hii. Kipimo cha tindikali kipo, na dawa za kukirekebishia zimeisha. Mwanafunzi akisoma namba kutoka kwenye kipimo hicho anajifunza kuamini uongo. Hizo dawa ni chupa chache, ndugu zangu. Sisi tuliosoma hapa na tunaofanya kazi tunaweza kuzinunua, na Jumatatu mimi nitaleta za mwaka mzima.

Kuna kundi moja ambalo sijasikia likitajwa leo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Wengi wao wametangulia mbele ya haki. Waliobaki wanakaa hapa mjini katika kata za Katuba, Kenya na Kamalondo, au Likasi na Kolwezi, na vichwani mwao mna miaka thelathini ya mitambo. Watafuteni. Mtu kama huyo awe na kiti kwenye jopo la utetezi wa pili, alipwe nauli na posho kama profesa mgeni, na jina lake liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa tasnifu. Fomu zenye nafasi ya mhandisi peke yake nimeshaziona za kutosha. Hizi zetu bado hazijachapwa, Bwana Mkuu wa Kitivo. Ongezeni mstari mmoja.

Papa wa tangi alifariki miaka minne iliyopita. Kaye yake alinipa kabla hajastaafu. Nimekuja nayo, hii hapa, plastiki ileile. Jana usiku nimeinakili yote kwenye kompyuta, na nakala naikabidhi kwa maktaba ya kitivo ikiwa na jina lake kamili kwenye jalada, kwa ruhusa ya mjane wake aliyekaa pale mstari wa tatu. Mama, asante sana kwa kuja.

Mahali ninapofanya kazi sasa nimepata ruhusa ya kuwapokea wanafunzi wanne. Mkataba wa kurasa mbili ninao hapa, tayari una sahihi ya upande wetu, na swali limeandikwa: kwa nini mafuta yetu yanapungua zaidi msimu wa baridi, na yanakwenda wapi. Utetezi wa pili utakuwa mwisho wa mwezi wa nane, saa kumi na mbili asubuhi, wakati zamu ya usiku inapokutana na ya mchana, ili ekipi zote mbili zisikie. Zamu yetu ya kwanza ni usiku wa tarehe moja mwezi wa sita. Mje na makoti, na kila mmoja na kaye yake.